Mafuta ya Bibi Gritli

Sogeeni karibu, wenzangu, na aliyebandika chai apunguze moto kwanza, isije ikachemka ikamwagika halafu mkanilaumu mimi. Nina kitendawili. Nyumbani kwangu kuna mbwa asiyelala. Siku niliyomnyamazisha ndiyo siku niliyoibiwa. Ni nini? Msijibu haraka. Anayejua alikalie jibu lake kidogo, na asiyejua asinipe mji, maana leo mji siutaki. Nataka masikio tu, niwaeleze yaliyoipata nyumba ya akina Zenger huku bondeni kwetu, chini ya milima ya Bern. Ilikuwa nyumba yenye amani yake, mpaka ilipoanza kujitibu kwa siri.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi jikoni kwa Bibi Gritli ni siku ya kusuka mkate wa Jumapili. Dirisha lilikuwa wazi, kengele za ng'ombe zikisikika kutoka malishoni, na paka amelala juu ya benchi la jiko la vigae. Bibi Gritli alikuwa mfupi, mjane wa siku nyingi, mwenye mikono iliyokanda unga tangu utotoni. Mezani alikaa mjukuu wake Kaspar, fundi wa mapaa, kijana mkubwa kama mlango wa zizi. Mama yake Kaspar alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, kwa hiyo bibi ndiye aliyemlea, na malezi hayo yalikuwa ya uji, makofi machache na vitendawili vingi.

"Kitendawili!" bibi akasema bila kugeuka.

"Tega," Kaspar akajibu, mdomo umejaa jibini.

"Ninayo nguo ambayo adui yangu huishika kila Jumapili, mchumba wangu hajaigusa hata siku moja."

Kaspar akatafuna, akafikiri, akashindwa. "Nakupa mji. Chukua Thun."

"Thun ulinipa wiki iliyopita. Sina pa kuiweka."

"Basi chukua Bern yote, pamoja na wabunge wake."

"Wabunge baki nao. Nimekwenda Bern nikaona mengi na nikala vizuri, na nilipokuwa nikirudi nikakutana na kaptura yako ya mieleka, mjinga wewe!"

Kaspar akacheka hadi paka akaamka. Na kweli, mieleka ya kwetu ndivyo ilivyo: wanaume wawili ndani ya duara la maranda laini, kila mmoja amevaa kaptura nene ya turubai juu ya suruali, na kila mmoja ameikamata kaptura ya mwenzake. Anayelazwa mgongo chini ameshindwa. Kila mwereka una pointi zake, na wenye pointi nyingi mwisho wa siku huvishwa taji la majani ya mwaloni. Sebuleni kwa akina Zenger lilikuwepo sanduku la kioo lenye mataji ya marehemu babu, yaliyokauka yakawa rangi ya kahawa, na moja la Heiri, baba yake Kaspar. La Kaspar halikuwemo. Nafasi yake ilikuwa wazi, na Heiri hakuacha kuifuta vumbi.

Kaspar akanyoosha mkono wa kulia kuchukua birika la kahawa. Mkono ukafika nusu ya njia ukasimama. Uso wake ukageuka rangi ya ule unga, na birika likaanguka, kahawa ikatapakaa mezani hadi kwenye mkate ambao bado haujaokwa.

"Bega tena?" bibi akauliza.

"Dogo tu, Bibi."

Dogo! Wenzangu, hilo neno "dogo tu" nalichukia. Bega lile liliumia mazoezini tangu theluji inayeyuka. Daktari alimwambia aende akapigwe picha na asiguse mieleka kabla ya picha hiyo. Kaspar alisema atapiga simu kuomba miadi. Hakupiga.

Heiri aliingia wakati mama yake anafuta meza. "Bega? Mimi nilishindana na mbavu imevunjika."

"Ndiyo maana mwaka ule hukupata taji," Bibi Gritli akasema.

"Mama, mashindano ya bonde yamekaribia. Mwaka huu ni wake. Kila mtu anasema ni wake. Akikaa nje sasa, lini tena?"

Kaspar alikuwa anaangalia kile kioo sebuleni, kupitia mlango ulioachwa wazi.

Sasa niwaambie habari za matone. Bangi mnaijua, msijifanye watakatifu. Lakini upo mmea ndugu yake, katani ya huku kwetu, si ile ya mkonge, usiolevya, unaolimwa na kuuzwa wazi huku kwetu, na ndani yake mna kitu wanachokiita kanabidioli. Wanamichezo wengi wanautumia. Wanaweka matone chini ya ulimi, wanasema maumivu yanapungua na usingizi unakuja vizuri. Wakuu wa michezo wameiruhusu hiyo kanabidioli, hiyo peke yake. Vijana wa klabu ya Kaspar walikuwa wananunua chupa ndogo dukani, za kampuni zinazopimisha kila pipa, na chupa moja haimalizi hata wiki kwa mtu wa ukubwa wa Kaspar.

"Chupa ya kidole gumba, bei ya mguu wa ndama!" Heiri akalalamika. "Na jirani Res anayalima majani hayohayo hapo ng'ambo ya ua."

Bibi Gritli akakumbuka kitu. Marehemu mume wake alikuwa na mafuta yake ya kupaka ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba. Alikuwa anayaweka maua ya katani kwenye tanuri la mkate baada ya mkate kutoka, yakauke kwa moto unaopoa, kisha anayaloweka kwenye mafuta ya vuguvugu. Ng'ombe walipona. Kwa nini mjukuu asipone?

Akafunga kitambaa kichwani, akavuka ua.

Res Jaun alikuwa jirani tangu wote wawili ni watoto, mzee mwembamba mwenye masharubu yaliyogeuka manjano kwa kiko chake. Alimkuta anapanga mayai na maboga kwenye kibanda chake cha barabarani, kile kisicho na muuzaji, mtu anachukua na kuacha hela kwenye kopo.

"Res, nipe maua yako ya katani kidogo."

"Unataka kuvuta uzeeni, Gritli?"

"Kuvuta nakuachia wewe, unavuta kwa ajili ya bonde zima. Nataka kutengeneza mafuta."

"Ya nani?"

Hapa ndipo alipokosea. Res alikuwa na mpwa wake, Lukas, mwanamieleka wa klabu ya upande wa pili wa mto, jitu la watu. Na huku kwetu mwanamieleka akiumia, nyumba nzima hufunga mdomo, maana adui akijua bega ni bovu, ataliendea bega. Ng'ombe akiumwa tunatangaza hadi kanisani. Mtu akiumwa, kimya. Basi Bibi Gritli akamwangalia jirani yake machoni, akadanganya.

"Ya kiwele. Yule mwekundu amevimba."

"Aa, ya ng'ombe!" Res akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi ngoja, nina gunia zuri kabisa." Akaingia ghalani akatoka na gunia limejaa, akakataa hata kulipwa yai moja.

Bibi akarudi nyumbani kifua mbele.

Mafuta yalitoka mazuri, ya kijani, yenye harufu ya majani makavu na karanga. Kaspar akaanza kunywa kijiko kidogo asubuhi na jioni. Na kweli, jamani, bega likanyamaza. Siku ya tatu akanyanyua birika. Wiki ya pili akarudi mazoezini, akawabwaga wenzake mmoja baada ya mwingine, akaja nyumbani na maranda masikioni na njaa ya fahali. Alikuwa analala fofofo. Alikuwa anakula sahani tatu za viazi. Alikuwa anacheka, anacheka hata taarifa ya hali ya hewa kwenye televisheni.

"Ona mtoto alivyochangamka," Heiri akasema. "Dawa ya mama yangu hiyo!"

"Leo kazini niliteleza kwenye paa la shule," Kaspar akasimulia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Nikaning'inia kwenye mfereji wa maji kama suruali iliyoanikwa! Fundi mkuu karibu afe."

Wote wakacheka. Bibi Gritli naye akacheka. Baadaye sana, kila alipokumbuka kicheko kile, alikuwa anahisi baridi mgongoni.

Jumapili, wiki moja kabla ya mashindano, goti la Bibi Gritli lilimuuma. Akaona si vibaya naye akionja dawa yake mwenyewe. Vijiko vidogo vyote vilikuwa vichafu, akachukua kile cha supu, akanywa kimoja, akapangusa mdomo, akaenda kanisani.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Mchungaji alipopanda kuhubiri habari za Nuhu, Bibi Gritli akagundua kwamba kichwa cha mchungaji kinafanana kabisa na jibini zima, la duara, lililokomaa vizuri. Akashangaa kwa nini hakuliona jambo hilo miaka yote. Akajaribu kusikiliza. Mchungaji akasema wanyama waliingia safinani wawili wawili, na Bibi Gritli akamfikiria Res na kiko chake anaingia safinani pamoja na mbuzi, na kicheko kikamtoka puani.

"Gritli!" mke wa mtu wa posta akamnong'oneza kutoka benchi la nyuma. "Unaumwa?"

"Hapana. Nimefurahia neno."

"Mchungaji amefika kwenye gharika. Watu wanazama!"

Hapo ndipo akaangua kicheko hasa. Kanisa zima likageuka. Alitaka kusimama atoke nje, lakini miguu ilikuwa mbali sana, kama miguu ya mtu mwingine aliyekaa benchi la mbele. Mke wa mtu wa posta na mumewe wakambeba kwapani hadi bustanini, wakamkalisha penye upepo, wakampa maji. Akanywa bilauri nzima. Na pale alipokuwa anatazama mlima ukipumua kama ng'ombe aliyelala, wazo moja likapenya lile wingu kichwani mwake, likamchoma.

Kaspar yuko juu ya mapaa.

Kijana wangu anakunywa kitu hiki kila siku na yuko juu ya mapaa.

Kichwa kilipotulia, mchana ule, hakupitia hata nyumbani. Alimkuta Res amekaa nje, anamenya tufaha.

"Res Jaun, ulinipa nini?"

"Kwani ng'ombe amekufa?"

"Ng'ombe hana kitu. Nimecheka kanisani watu wa Nuhu wakizama. Ulinipa nini?"

Res akaacha kumenya. "Umekunywa? Ulisema ni ya kupaka kiwele!"

"Jibu nililokuuliza."

Mzee akakitoa kiko mdomoni. "Wakaguzi walipima ile kona ya chini, karibu na mto. Wakasema maua yake yamepita kipimo, yana kilevi, niyateketeze yote. Gritli, wewe unanijua. Tumelelewa pamoja, tumekula maganda ya jibini. Katika maisha yangu sijatupa hata kipande cha kamba. Ningewezaje kuchoma maua mazuri vile? Nikayaficha ghalani. Ulipokuja ukasema ng'ombe, nikaona Mungu amenionyesha njia. Kwenye ngozi ya ng'ombe yatamdhuru nani?" Akamtazama, na polepole uso wake ukabadilika. "Umempa nani mwingine?"

Bibi Gritli akakaa kwenye benchi. Alikuwa amechoka kudanganya.

"Kaspar. Bega lake limekufa tangu majira ya kuchipua. Sasa nenda kamwambie Lukas."

Res akakata tufaha, akampa nusu. "Lukas hataambiwa kitu na mimi," akasema. "Mweleze mtoto leo, Gritli. Usingoje kesho. Na hilo gunia lililobaki nalichoma sasa hivi, hata kama moyo unaniuma."

Jioni ile meza ya akina Zenger ilikuwa na mkate, jibini na supu, na hakuna aliyekula. Bibi Gritli alieleza yote, toka kiwele hadi gharika. Hakujificha nyuma ya neno hata moja.

Kaspar alisikiliza ameinamisha kichwa. "Bibi," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo kuliko umbo lake, "unajua wanapima mkojo? Kanabidioli wanairuhusu. Lakini hicho kilevi, na vyote vingine vilivyomo kwenye mmea ule, siku ya mashindano ni marufuku. Hakitoki mwilini kwa wiki moja, kwa mtu aliyekunywa kila siku. Wakikikuta, nafungiwa. Hawaulizi kama ni bibi yangu aliyenipa. Kilichomo mwilini mwangu ni changu. Nitaitwa mdanganyifu, mimi na babu aliye kwenye kioo."

"Wanapima wachache tu," Heiri akasema haraka. "Kati ya watu wote wale? Funga mdomo, kunywa maji mengi, shindana."

"Heiri!" mama yake akamkatiza.

"Mama, wewe umeshaharibu vya kutosha!"

Neno lile lilianguka mezani kama lile birika. Bibi Gritli alilipokea, maana lilikuwa na ukweli ndani yake.

"Nimeharibu," akasema. "Ndiyo maana nanyamaza kuhusu mashindano. Hilo ni lake mwenyewe aamue. Lakini paa si lake kuamua. Kesho hapandi paa. Nimeshampigia fundi mkuu."

Kaspar akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Umempigia? Umemwambia nini?"

"Ukweli. Amesema njoo ufanye kazi ya karakana mpaka kichwa kitakate. Na amesema aliogopa sana siku ile ya mfereji, alipokuona unaning'inia huku unacheka."

Kijana akatoka nje, mlango ukabamizwa. Bibi Gritli akaichukua ile chupa ya kijani, akaimwaga yote kwenye rundo la samadi mbele ya macho ya mwanawe. Heiri hakumzuia. Alikaa tu, anasugua meza kwa kidole mahali pasipo na doa.

Basi wenzangu, mafuta yalipokwisha, mlinzi aliyenyamazishwa akaamka. Jumanne Kaspar alifanya kazi akikunja uso. Jumatano alishindwa kufunga kamba za viatu. Alhamisi asubuhi Bibi Gritli alisikia mlio chumbani kwa mjukuu wake, akaingia, akamkuta amekaa kitandani, fulana imekwama kichwani, mkono mmoja umeingia na mwingine haufiki. Jitu lile lilikuwa linalia ndani ya fulana kama mtoto mdogo.

Bibi akamvua polepole, akamfuta machozi kwa aproni.

"Bega linaniambia kitu tangu zamani, Bibi," Kaspar akasema. "Mimi ndiye niliyeliziba mdomo."

"Sisi ndio tuliokuletea kizibo, mume wangu," bibi akamwambia kwa lile jina la utani alilokuwa akimwita alipokuwa mdogo. "Vaa koti. Twende kwa daktari."

Picha ikapigwa. Daktari aliitundika penye mwanga, akaonyesha kwa kalamu. Msuli unaoshikilia bega ulikuwa umechanika, umebaki uzi. "Ungepigwa mwereka mmoja mzito," akasema, "huu uzi ungekatika, na sidhani kama ungeweza tena kubeba hata ubao mkono huu. Unaweza kushonwa. Lakini ni mwaka wa kungoja, na uwe mvumilivu."

Kaspar alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za hospitali, akampigia simu mkuu wa klabu palepale. Bibi Gritli alisikia upande mmoja tu. "Sishindani. Ndiyo, bega. Na kingine... hapana, nisikilize, na kingine nimekunywa mafuta ya nyumbani yasiyopimwa. Ndiyo. Najua. Waambie vijana wote wasiguse kitu cha nyumbani." Kisha akasikiliza, mabega yakashuka. Alipokata simu akacheka kidogo, kicheko chake cha kawaida, si kile cha hali ya hewa.

"Kasemaje?"

"Kasema asante. Wawili wengine walikuwa wameniomba niwaletee mafuta yako."

Jumapili walikwenda mashindanoni kama watazamaji, mkono wa Kaspar umefungwa kwa kitambaa kifuani, wazi kabisa, bonde lote lione. Waimbaji waliimba kwa kupandisha na kushusha sauti kooni, kama desturi ya milimani, pembe ndefu zikapulizwa, na fahali wa zawadi akapitishwa, maua kwenye pembe. Heiri alikaa amenuna, kofia imeshuka hadi machoni. Lukas, mpwa wa Res, ndiye aliyekuwa akibwaga watu siku ile.

Alipomaliza mwereka wake wa tatu, kabla hata hajanywa maji, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja wenye vitambulisho shingoni walimwendea, wakasema naye kwa upole, wakaondoka naye kuelekea nyumba ya kubadilishia nguo.

"Wanampeleka wapi?" Bibi Gritli akauliza.

"Kipimo," Kaspar akajibu. "Huchukua walioshinda. Huyo hana wasiwasi, anatumia chupa za dukani zilizopimwa, na wiki ya mashindano hata hizo anaziacha."

Heiri akainua kofia. Akaangalia ule mlango uliomfunika Lukas, kisha akamwangalia mwanawe ambaye yeye alitaka awe mshindi leo, na ambaye kumbe angemezwa na mlango uleule. Akavua kofia kabisa, akaishika magotini kama yuko kanisani.

"Kaspar," akasema, na ilikuwa vigumu kusikia kwa sababu ya zile pembe. "Nilikuambia ufunge mdomo. Mimi baba yako."

"Yamekwisha, Baba."

"Hayajaisha. Nilikuwa naliangalia lile sanduku, sikuwa nakuangalia wewe."

Bibi Gritli akatoa sandwichi ya nyama mfukoni, akaikata mara tatu, akawagawia. Akahisi pumzi inamshuka hadi tumboni, ile aliyoibana tangu siku ya Nuhu. Hakuna aliyeanguka kutoka paani. Hakuna aliyeitwa mdanganyifu. Bega lina uzi, na uzi unashonwa. Akala, na ile sandwichi ilikuwa tamu kuliko karamu.

Bega likashonwa. Majira ya baridi yote Kaspar alifanya mazoezi madogo madogo ya kuvuta kamba ya mpira, huku bibi akisimamia kama askari na kumtegea vitendawili. Siku moja akamtegea kile nilichowategea ninyi. Kaspar akafikiri huku anavuta, akasema, "Mji sikupi, Bibi. Hicho nakijua. Mbwa huyo ni maumivu."

Kiangazi kilichofuata akarudi kwenye maranda. Alishindwa mara moja, akatoka sare mara moja, akashinda mingine. Mwereka wa mwisho alipangiwa Lukas. Walishikana mikono, wakakamatana kaptura, wakazunguka kama makabati mawili yanayohamishwa, mpaka Kaspar akaingiza nyonga, akamnyanyua, akamlaza. Uwanja ukapiga kelele. Taji alilikosa kwa robo ya pointi, na nafasi kwenye kioo iko wazi hadi leo, ila Heiri haifuti vumbi tena.

Bibi Gritli hakuuliza habari za pointi. Alikuwa anangoja kile kinachofuata, desturi yetu: mshindi humfuta maranda mgongoni aliyemshinda. Lukas ni mrefu kuliko mlango. Alisimama, akageuza mgongo, na Kaspar akanyanyua mkono wa kulia juu, juu kabisa, kupita kichwa chake mwenyewe, akaanza kumfuta kuanzia mabegani. Taratibu, bila kukunja uso.

Res alikuwa amekaa pembeni ya Bibi Gritli. "Unalia nini, Gritli? Mpwa wangu ndiye aliyeangushwa."

"Nyamaza," Bibi Gritli akasema. "Hebu uone mkono huo ulivyopanda."

Mafunzo

Ndugu zangu, Kaspar amenitangulia kulitaja jibu. Maumivu ni mbwa wa mlinzi. Hatumpendi, anatunyima usingizi, lakini anabweka kwa sababu mtu yupo uani. Ukimziba mdomo bila kutoka nje kuangalia, utaibiwa ukiwa umelala raha.

Wanamichezo, kanabidioli imeruhusiwa, lakini si kila kinachoitwa kwa jina hilo kiko peke yake ndani ya chupa. Hata chupa ya dukani haina ahadi ya asilimia mia, sembuse ya jikoni kwa bibi. Kitakachokutwa mwilini mwako utakijibia wewe. Muulize daktari kabla hujameza, si baadaye.

Wazazi, msimsukume mtoto aliyeumia kwa ajili ya taji la kutundika ukutani. Na ninyi mabibi wenzangu, tunaopenda kutibu: upendo wetu hauna mashine ya kupimia. Mtu akituuliza dawa ni ya nani, tuseme kweli. Kama Gritli angemwambia Res neno moja, "ni ya mjukuu", lile gunia lisingetoka ghalani.

Sasa kaangalieni hiyo chai.